Viatu vya Lori la Bwana Mchanga

Lori la kijani lilipopita mtaani likitokea kwenye mnada wa jeshi, kila mtu alitazama juu. Walitazama kichwa chake cha mraba, rangi iliyobabuka kama ukuta wa bafuni, na taa zake mbili, moja nzima na moja imezibwa kwa kipande cha bati. Watoto walipiga saluti. Kinyozi alitoka na mkasi mkononi, akamwacha mteja ndani ana nywele upande mmoja. Mtu mmoja tu ndiye aliyetazama chini. Alikuwa amekaa kwenye benchi la muuza chai, anakunywa chai aliyoagiza kwa jina la mtu mwingine, na macho yake yalikuwa kwenye matairi.

Mtu huyu aliitwa Kanali. Jeshini hakuwahi kufika hata getini. Cheo alipewa na jaketi lake, la kijani, lenye mifuko mingi, alilolichomoa kwenye lundo la mitumba siku moja ya mvua. Kwa kweli lilishonewa watu wanaovua samaki kwa starehe, maana mfuko wa ndani ulikuwa bado na ndoana iliyojishika kwenye kitambaa, nayo ilishamchoma Kanali mpaka akaacha kuutumia mfuko huo. Lakini watu walipoanza kumwita Kanali, hakukataa. Mtu asiye na kazi, asiye na mke, na asiye na kitanda chake mwenyewe, atakataaje kuwa kanali?

Kitanda alicholalia kilikuwa cha dada yake, na chumba ni cha dada yake, uani, karibu na tangi la maji. Dada huyu aliuza barafu na juisi kutoka kwenye friza kubwa la kulala, lililochukua nusu ya sebule. Friza hilo ndilo lililomlisha yeye, likamsomesha binti yake mpaka akaolewa, na kwa bahati mbaya likamlisha na Kanali pia. Kila asubuhi alilifuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kuanzia mfuniko hadi miguu, kama mtu anavyomwogesha mtoto. Naye alikuwa amemwambia mdogo wake neno moja tu, bila kupandisha sauti, huku anakamua malimao.

"Siku nikikosa kitu humu ndani, hata kifuniko cha sufuria, utatafuta pa kulala."

Kanali alijibu, "Sawa, dada," akaomba sukari iongezwe kwenye juisi yake. Alijua kuwa dada yake hasemi jambo mara ya pili. Na zaidi ya chumba kile cha uani, hapakuwa na mlango mwingine mji mzima ambao Kanali angeugonga ukafunguliwa.

Turudi kwenye matairi. Lori lilikuwa limechoka kila mahali, lakini lilikuwa limevaa viatu vipya. Matairi yote manne, na la akiba lililofungwa nyuma ya kichwa, yalikuwa na meno marefu, meusi, yenye vile vinyweleo vya mpira vinavyokaa kwenye tairi ambalo halijafika popote. Huko jeshini, bila shaka, mtu mmoja aliamuru lori livishwe matairi mapya, na mtu mwingine, asiyesemezana naye, akaamuru liuzwe. Kanali aliyahesabu, akakiweka chini kikombe cha mwenye jina, akasimama.

Aliyekuwa amelinunua ni Bwana Mchanga, tajiri wa kuuzia wajenzi mchanga na kokoto. Alikuwa mtu mfupi, na ufupi wake ulimuuma kuliko jino. Nyumba yake ilikuwa na ngazi za mbele zisizo na kazi, ili tu mgeni amkute juu. Ua wake wa magari ulizungushiwa ukuta, na juu ya geti alimwaga boriti ya zege kutoka nguzo hadi nguzo, akaandikisha jina lake hapo kwa rangi nyekundu, kila herufi kubwa kama mlango wa banda la kuku. Boriti hiyo aliitazama kila alipoingia na kila alipotoka.

Na kulikuwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye naye aliuza mchanga. Masika yaliyopita, lori la Bwana Mchanga lilizama kwenye bonde la machimbo likiwa na mzigo, na aliyekuja kulivuta ni shemeji huyo, mbele ya wachimbaji wote. Tangu hapo hapakuwa na harusi wala msiba wa ukoo ambao shemeji hakusimulia habari ile. Alitumia sahani kuwa bonde, kijiko kuwa lori, na mdomo wake kutoa mlio wa injini inayolia. Bwana Mchanga alikuwa amenunua lori la jeshi kwa ajili ya kijiko kile.

Kanali alimkuta uani analizunguka lori lake mikono nyuma. Akasimama mbali kidogo, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona mtoto wa rafiki amekondeshwa.

"Hongera, bosi. Umenunua simba," alisema. "Ila wamekuuzia akiwa amevaa ndala."

Bwana Mchanga aliuliza ndala zipi. Kanali akamweleza, kwa upole na kwa huzuni, kwamba magari ya aina hii yalipokuwa kazini yalivaa matairi ya bondeni, makubwa, yanayomfika mtu kifuani, na kwamba ndiyo yaliyoyavusha mabwawa na mito. Gari likifika siku ya kuuzwa kwa raia, lile vazi huvuliwa, likavishwa haya madogo ya gwaride. Kwa barabara ya lami hayana neno, alisema. Kwa bonde, bora bosi anunue na kamba ya kuvutia kabisa.

Neno kamba liliingia pale lilipotakiwa kuingia.

"Wewe unayajua magari haya?"

"Hili?" Kanali alilipapasa bodi kwa kiganja. "Hili tumelala pamoja, bosi. Mimi chini, lenyewe juu."

Kisha akachuchumaa kwenye tairi, akaguna, akapitisha kidole kwenye namba zilizochongwa ubavuni. Namba hizo, kama ajuavyo kila mwenye baiskeli, ni za ukubwa wa tairi. Kanali alizisoma polepole kama mtu anayesoma majina ya marehemu.

"Mnadani walisema wanakuuzia nini?"

"Lori."

"Walitaja matairi?"

Bwana Mchanga alifikiri. Hawakutaja. Wala usukani hawakutaja, wala viti, wala breki, lakini hilo halikumjia. Kanali alisimama, akatazama huku na huku, akashusha sauti. Namba hizi, alisema, ni za ghala la jeshi. Gari limeuzwa, matairi hayajauzwa, ni ya kurudishwa. Raia akikutwa nayo anaulizwa maswali ambayo hayana jibu zuri. Yeye Kanali, kwa sababu ya heshima aliyo nayo kwa wafanyabiashara wa mji huu, angeweza kuyachukua na kuyarudisha kimyakimya kwa mlango anaoujua. Tena angemtafutia matairi ya bondeni yenyewe.

Bwana Mchanga akauliza itamgharimu nini, na alipoambiwa, alijibu kwamba atalipa siku lori litakapopanda bonde na mzigo, siyo kabla hata kwa saa moja. Alijiona mjanja sana aliposema hivyo. Kanali alijikuna shingo, akasitasita, akakubali kwa shida kubwa. Malipo hayo hakuyahitaji. Siku lori litakapoteremka bondeni yeye angekuwa mbali, ana bei ya matairi matano mapya ya jeshi mfukoni, siyo ule wenye ndoana.

Kilichobaki ni kupata hayo makubwa, na Kanali alijua yalipo, maana alishayakalia. Yalikuwa mbele ya kibanda cha fundi pancha aitwaye Kiraka. Yalitoka kwenye greda la kutengenezea barabara lililofia njiani zamani, manne, pamoja na rimu zake. Mawili Kiraka aliyalaza chini yakawa viti vya wateja. La tatu alilijaza maji ya kupimia pancha. Katika la nne kulikuwa na kuku wake mmoja mwekundu, anayetaga humo na kumtazama kila mteja kwa jicho moja.

Kiraka alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, mwenye vidole vyeusi visivyotakata hata siku ya sikukuu, na uaminifu wake ulitegemea nani anatazama. Alimsikiliza Kanali mpaka mwisho huku anasugua mpira kwa msasa. Aliielewa hila nzima kabla haijafika katikati, wala haikumchukiza. Kilichomchukiza ni kuambiwa atalipwa baadaye.

"Wewe huna kitu," alisema. "Dada yako anacho."

"Kipi?"

"Friza. Jua hili, na mimi nakunywa maji ya kupimia pancha."

Kanali alicheka, kisha akaacha kucheka. Dada yake alikuwa amesafiri kwenda kumwangalia binti yake aliyejifungua, na angerudi Jumamosi. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Matairi yangevuliwa Jumatano, yangeuzwa Alhamisi, Ijumaa angelikomboa friza au angenunua jingine, na Jumamosi dada angelikuta linanguruma mahali pake. Kwenye kichwa cha Kanali mipango yote ilikuwa mizuri hivi, maana humo hakukuwa na mtu mwingine wa kuivuruga. Siku hiyo hiyo friza lilitoka sebuleni juu ya mkokoteni, limefunikwa shuka. Jirani aliyekuwa akianika nguo aliuliza linakwenda wapi, akaambiwa linakwenda kupimwa afya.

Kazi ya kufunga ilifanyika Jumatano uani kwa Bwana Mchanga. Kiraka alileta jeki zake na magogo ya kuzipandishia, spana ndefu kama mguu wa mtu, na sahani nne za chuma alizozitoboa matundu, za kuunganisha rimu za greda na lori. Kanali alileta mdomo. Alisimama katikati ya ua, miguu imeachana, mikono kiunoni, akitoa amri kwa kila jambo ambalo Kiraka alikuwa ameshaanza kulifanya.

Upande wa kulia nati zilifunguka vizuri. Upande wa kushoto ziligoma. Kiraka alipumzika kidogo, akaigeuza spana aizungushe kwa upande mwingine. Kanali akaona hapo ndipo mahali pa kuonyesha uanajeshi.

"Unafunga badala ya kufungua, fundi. Lete hapa."

Akaichukua spana, akaizungusha vilevile kama upande wa kulia, akaining'inia kwa uzito wake wote, akarukaruka juu yake. Kitu kikalia ta. Boliti lilikatika shingoni, spana ikaruka, na Kanali akaanguka chali, vifungo vya jaketi vikatawanyika. Kiraka aliiokota spana, akazungusha kinyume, na nati zilizobaki zikateleza kama zimepakwa siagi. Magari mengi ya kazi ya zamani yako hivyo, nati za kushoto hukatwa kinyume ili zisijifungue gari linapokwenda, na mtu aliyelala chini ya gari kama hilo usiku mmoja tu angelijua.

Bwana Mchanga alikuja kumtazama mtaalamu wake pale chini.

"Hukujua?"

"Tuliziweka hivyo makusudi, bosi," Kanali alisema huku anatafuta vifungo. "Adui akija kuiba tairi, anabaki anazikaza."

Bwana Mchanga aliridhika. Ukimpa mtu jibu lenye neno adui, mara nyingi huridhika.

Matairi ya greda hayakuingia. Yaligusa madigadi, yakagusa na tangi. Basi madigadi yakakatwa yote manne kwa msumeno wa umeme, cheche zikaruka hadi kwenye nguo zilizoanikwa. Bado yaligusa, basi springi zikapandishwa, vipande vya chuma vikapangwa kati ya springi na ekseli kama mtu anavyopanga matofali chini ya mguu wa kitanda. Jeki ziliposhushwa, lori lilisimama juu kiasi kwamba kuku wa jirani waliokuwa ukutani walilitazama ana kwa ana. Bwana Mchanga aliletewa kigoda cha jikoni ili afike mlangoni. Hakikutosha. Akaletewa ngazi ya mpaka rangi. Alipokaa kwenye usukani na kuona mapaa ya watu wote, uso wake ukawa wa mtu aliyeongezwa kimo na Mungu mwenyewe.

Aliwasha, akasogea hatua moja mbele, moja nyuma. Injini ililalamika kama mzee anayeinuliwa kitini. Kanali alimsihi asizungushe usukani kwanza, matairi yapate kuzoea. Kisha yeye na Kiraka wakapakia matairi matano ya jeshi, na rimu zake, kwenye mkokoteni, wakayafunika turubai. Bwana Mchanga mwenyewe, kwa mikono yake, alisaidia kulifunga turubai, anatazama barabarani kama kuna askari.

Kanali alipokuwa akiusukuma mkokoteni kutoka nje, kitu kilimfanya anyanyue macho. Aliitazama boriti ya geti. Akageuka, akalitazama lori. Akaitazama tena boriti. Halafu akasukuma mkokoteni kwa haraka zaidi.

Sasa, kosa moja Kanali alilifanya, na ni kosa la mtu anayemjua kila mtu ila yule aliyesimama mbele yake. Alimpa Bwana Mchanga siri. Bwana Mchanga hakuwahi kupewa siri ya serikali, na ilimwasha mwili mzima. Jioni hiyo alimwambia kinyozi, kwa sharti kwamba asiseme. Alimwambia muuza chai, akiwa amesimama. Alimwambia mwenye duka la vipuri kwamba yapo matairi fulani mjini, ya ghala la jeshi, na atakayeyagusa atajuta, na kwamba habari hizi amezipata kutoka kwa kanali. Hakuongeza ni kanali gani.

Usiku huo Kanali hakurudi nyumbani, alilala juu ya mkokoteni nyuma ya soko ili asiibiwe, na Alhamisi asubuhi alifika kwa muuza matairi wa kwanza akiwa anapiga mluzi. Alinyanyua pembe ya turubai kama mtu anayemwonyesha mwenzake mtoto mchanga. Muuza matairi akatazama, akarudisha turubai mwenyewe kwa ncha za vidole, akaingia ndani kunawa mikono. Wa pili hakutaka hata linyanyuliwe. Wa tatu alikuwa amesoma naye darasa moja, ndiyo maana huyu aliongea.

"Kaka, peleka mbali. Mimi nina watoto."

"Haya ni matairi tu," Kanali alisema. "Hizo namba ni za saizi. Zipo hata kwenye haya ya kwako."

"Zinasemekana ni za ghala."

"Nani kasema?"

"Kanali kasema."

"Kanali ni mimi."

"Basi unajua kuliko sisi," alisema yule mwenzake wa darasani, akashusha mlango wa bati mpaka nusu.

Kanali alizunguka mji mzima na mkokoteni wake. Jua lilipanda, turubai likanuka, na kila alipopita wenye maduka waligundua vitu vya kutazama kwenye dari zao. Mmoja alimwambia kwamba hatanunua, lakini pia hatasema amemwona, na hiyo ndiyo iliyokuwa bei nzuri kuliko zote alizopewa siku hiyo. Mwanaume huyu alikuwa amedanganya mji mzima kwa miaka mingi bila kuaminiwa sana, na siku aliyoaminiwa na wote ndiyo siku iliyomwangamiza.

Ikabaki njia moja. Kiraka alijua kwamba matairi ni matairi tu. Kanali angempa yote matano, amrudishie friza, waachane kila mtu na chake. Aliusukuma mkokoteni hadi kwenye kibanda jasho likimtiririka ndani ya jaketi. Viti vya wateja havikuwepo, maana vilikuwa vimefungwa kwenye lori, na kuku mwekundu alikuwa amesimama juu ya ndoo amenuna.

Kiraka alipomwona alisimama haraka, akashika kichwa.

"Umepita njia kuu na huo mzigo?"

"Kuna nini?"

"Wamekuja asubuhi. Wawili. Wamevaa rangi kama yako, ila zao zimepigwa pasi."

Kanali aliusogeza mkokoteni nyuma ya kibanda. Aliuliza walitaka nini. Kiraka akamweleza kwa kunong'ona kwamba walimuulizia mtu anayejiita kanali, walitaja jaketi, walitaja na mkokoteni. Akaongeza kwamba Bwana Mchanga naye anamtafuta, na hilo, angalau, lilikuwa kweli. Asubuhi hiyo tajiri alikuwa amemwita shemeji yake na majirani waje kushuhudia lori likitoka. Alipanda kwa ngazi, akawasha, akalielekeza getini kifua mbele, na kichwa cha lori kikagonga boriti. Nusu ya jina lake ilianguka kwenye boneti. Mtu akashauri wapunguze upepo. Wakapunguza, na tairi moja likajivua rimu kama kiatu cha kuazima, lori likainama, na hapo likabaki, mbele halitoki, nyuma halirudi. Shemeji alikuwa bado yupo pale. Ilisemekana alituma mtu nyumbani akalete sahani na kijiko.

"Nifanyeje?" Kanali aliuliza. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza mtu swali hilo akitaka jibu.

Kiraka alimtazama kwa huruma ya kutosha kabisa. Alimwambia aache mkokoteni hapo hapo, yeye atajua la kufanya, atayachoma au atayafukia, kwa ajili ya urafiki wao. Avue na jaketi. Apite uchochoroni, asipite njia kuu. Kanali alilivua. Mtu aliyebaki ndani yake alikuwa mwembamba kuliko ilivyodhaniwa, na fulana imetoboka kwapani.

Alipofika nyumbani kupitia uani, alisikia mngurumo. Akaingia sebuleni. Friza lilikuwa mahali pake, limefutwa, linanguruma, na dada yake amekaa kando yake kwenye kiti kidogo, anakata malimao. Ilikuwa Alhamisi tu. Kanali aliligusa friza kwa ncha ya kidole, kuona kama ni lenyewe.

"Karibu, mdogo wangu," alisema dada. "Kunywa maji, yamepata baridi."

"Dada, hili friza..."

"Wamelirudisha wao. Walilikuta kwa fundi. Wana adabu kuliko wewe."

"Wao nani?"

"Wale wenye sare. Mmoja alisema yeye ni kanali." Dada alikata limao jingine. "Wa kweli."

Kanali alikaa chini sakafuni. Dada yake akamwambia, kwa sauti ile ile isiyopanda, kwamba walikaa hapo hapo kwenye kochi, wakanywa juisi, wakasema watarudi jioni. Hakumuuliza kuhusu friza. Hakumkaripia. Alinyoosha kisu kuelekea mlangoni, na pale palikuwa na begi la kamba, limefungwa vizuri, viatu juu, mswaki pembeni, shuka lile lile alilofunikia friza likiwa limefuliwa na kukunjwa. Juu yake palikuwa na nauli.

"Basi linaondoka saa tisa," alisema. "Ukifika huko usijiite chochote."

Kanali alilia. Alimshika dada yake mkono, akambusu, akamwambia hakuna mtu duniani anayempenda kama yeye. Ndani ya basi aliinamisha kichwa kila walipopita kizuizi, na hakukinyanyua mpaka jua lilipokuwa linazama upande asioujua. Hapo ndipo alipopapasa mifuko na kuona kwamba nauli ile ilikuwa ya kwenda tu.

Wenye sare hawakuwahi kuja, bila shaka. Jeshi lina kazi zake. Aliyekuja ni dada mtu, Jumatano ile ile jioni, kwa sababu mjukuu alikuwa mzima na chumba cha binti kilikuwa kidogo. Alikuta sebuleni sehemu moja ya sakafu safi kuliko nyingine, yenye alama nne za miguu ya friza. Hakupiga kelele. Alimuuliza jirani wa nguo, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Kiraka, akaketi kwenye ndoo, kwa kuwa viti havikuwepo, akamuuliza kama polisi wakija atawaambia friza hilo kalinunua kwa nani. Kiraka aliuweka msasa chini. Kisha, kwa kuwa wote wawili walikuwa watu wa kazi, wakazungumza vizuri.

Ijumaa Kiraka alikwenda kwa Bwana Mchanga akiwa amevaa uso wa msiba. Alimwambia kwamba yule kanali ametoroka, ila yeye, kwa kuhatarisha maisha yake, ameyaokoa matairi. Bwana Mchanga, ambaye alikuwa amelala uani ili shemeji asilipige picha lori lake, aliyanunua matairi yake mwenyewe bila kubishania bei. Alilipia kuyafunga. Akaongeza malipo mengine mazuri kwa Kiraka kuzisugua zile namba za ghala kwa msasa mpaka zipotee. Kiraka alizisugua kwa makini, moja baada ya moja, na mwenye lori akiwa amesimama kumlinda.

Lori likatoka getini siku hiyo hiyo, likateremka bondeni kwa viatu vyake vya kwanza, likapakia, likapanda na mzigo bila hata kuteleza. Lingeweza kufanya hivyo tangu Jumatatu. Tofauti ni moja, halikuwa tena na madigadi, kwa hiyo tope lote la bondeni lilirukia kiooni na dirishani, na Bwana Mchanga akafika juu ushindini akiwa na rangi ya lori lake. Shemeji sasa anatumia sahani, kijiko, na mchuzi.

Fungu la dada katika fedha za Bwana Mchanga liligeuka rangi kwenye kuta za chumba cha uani, likanunua na kitasa kipya. Amempangisha mwalimu mpole anayelipa kabla hajadaiwa na anayenunua barafu yake.

Matairi ya greda yalirudi mbele ya kibanda, mawili viti, moja la maji, na la nne. Kiraka aliitoa ndoana kwenye mfuko wa lile jaketi, akalikunja, akalitandika humo, na kuku mwekundu akalikagua kwa jicho moja, akaingia, akatulia. Mteja mgeni akitaka kukaa hapo, Kiraka humzuia kwa adabu na kumwonyesha tairi jingine.

"Hapo samahani," humwambia. "Hapo pana mwenye cheo."